Misheni ya Kabanga
Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, ni makazi ya Waha yenye misheni ya Kikatoliki. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Baadaye Ukatoliki ukaota mizizi pia katika milima ya Buha, na mwaka 1953 Kigoma ikawa jimbo kamili. Kinachostahili pongezi kuliko yote, hata kuliko kanisa lenyewe, ni kwamba kazi haikuishia altareni. Kabanga kuna hospitali ya jimbo, ambako mama mjamzito kutoka vijiji vya mbali, awe wa dini yoyote, hupata mkunga, na kuna chuo kinachoandaa walimu wa shule za msingi.