Sambaza: chakula ya asili ao ya juzi?

Ku mlango ya restora nyingi za Bukavu wanaandika «chakula ya asili», na ndani wanaleta bugali ya muhogo, sombe na sambaza. Sahani hiyo tunaipenda sawa watu wote wa huku. Ni neno «asili» ndilo linatusumbua. Sambaza si samaki ya mababu: wakoloni waliitosha mu ziwa Tanganyika, wakaitia mu ziwa Kivu mwaka 1959. Wazee wengine wangali wazima ambao walizaliwa mbele yake! Na muhogo wenyewe ulitoka Amerika.

Sisi tunaona asili iko mu namna ya kukula. Ku malewa ya Kadutu mama anakumwangia maji ku mikono mbele sahani ifike. Mtu akiingia akukute unakula, unamwambia «karibu», hata kama humjui, naye anakaa ku benchi yako. Pale sambaza ni kitoweo, mubeba mizigo anashiba nayo. Ku restora za kando ya ziwa, sambaza ile ile inakuja ku kisahani, na ndimu, ya kusindikiza bia. Kila mtu na meza yake. Ni tamu, hatukatai.

Malewa nayo iko na makosa. Pengine beseni moja inanawisha watu kumi, na kipindupindu huku tunakijua. Lakini wanaoandika juu ya vyakula vyetu wanakaribishwa ku zile restora za ziwa. Ku Kadutu hawapandi.