Yanki na Merikani: Maneno Mawili, Hukumu Mbili

Katika bandari kama Mahagi-Port, kwenye Ziwa Albert, Kiswahili hukutana na Lingala, Kialur na lugha za ng'ambo ya Uganda. Mtafiti wa msamiati afikapo huko hukabiliwa na swali hili: neno lipi lastahili kuingizwa katika kamusi, na lipi laachwa kwa kuwa ni la kihuni? Maneno mawili yaliyotoka Marekani yanatusaidia kulipima swali hilo.

La kwanza ni merikani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Kitambaa hicho kilifika bara hata kikawa fedha ya misafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vilishika nafasi yake, lakini jina halikubadilika. Leo neno limo kamusini, na hakuna anayelilaumu kwa kuiacha asili yake.

La pili ni yanki. Wataalamu wengi hulihusisha na jina la Kiholanzi Jan, ingawa asili yake bado ina ubishi. Katika karne ya 18 Waingereza walilitumia kuwadharau wakazi wa New England, yaani jamaa wa hao hao wauza merikani. Katika vita vya uhuru vilivyoanza 1775 wenye kutukanwa walilitwaa tusi wakajivunia. Baadaye watu wa Kusini waliwaita hivyo wa Kaskazini, na nje ya Marekani likawa jina la Mmarekani yeyote.

Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walivutiwa na filamu za wachunga ng'ombe wenye bastola, wakajiita Bill kwa kumfuata Buffalo Bill. Miongoni mwao yanki alikuwa kijana shupavu, mzoefu wa mtaa. Kwa desturi ya Marekani mchunga ng'ombe wa Magharibi si yanki hata kidogo; Kinshasa iliwaunganisha wawili hao, ikapata maana mpya.

Je, hilo ni kosa? Kama ni kosa, basi merikani iliyofumwa Bombay nayo ni kosa. Tofauti iliyopo haimo katika maneno, imo katika waliyoyaleta: moja lilikuja na wafanyabiashara na kuandikwa na wageni wasomi, jingine lilikuja na vijana wasio na kazi. Kuwahukumu wasemaji kwa kisingizio cha kuhukumu msamiati si isimu. Wanafunzi wetu waendao Ituri na wayaandike maneno yote wayasikiayo, pamoja na maana ambazo wenyeji wenyewe wameyapa. Hukumu ingoje.