Nani aliyelipandisha Jiwe la Bismarck? Swali zuri, limekaa vibaya

Kila baada ya wiki kadhaa picha ileile inarudi kwenye simu zetu. Jua linazama, ziwa limegeuka rangi ya chungwa, na katikati kuna kivuli cheusi cha Jiwe la Bismarck, jiwe juu ya jiwe, pale mjini Mwanza karibu na kivuko cha Kamanga. Chini yake maneno: "Nani aliyelipandisha hili jiwe?" Maoni yanamiminika. Majitu ya kale. Majini. Wajerumani na mashine zao. Mmoja anajifanya mtaalamu, anasema ni mawimbi ya ziwa. Wengine wanaweka alama ya mshangao na kusambaza.

Leo naomba niikosoe hiyo picha kama mtu anavyokosoa filamu. Ina mtindo wake, ina mbinu zake, na inafanya kazi kichwani mwa mtazamaji.

Kwanza sifa zake. Ni nzuri, hilo halina ubishi. Mpigaji anasimama ufukweni, analiweka jua nyuma ya jiwe, na umbo linajitokeza kali kama limekatwa kwa mkasi. Mtu wa Mtwara ambaye hajawahi kufika Kanda ya Ziwa anaitambua Mwanza kwa sekunde moja. Picha chache za nchi hii zimefaulu hivyo.

Ila angalia kinachopotea. Jua likiwa nyuma, uso wote wa jiwe unakuwa mweusi. Huoni nyufa, huoni ile mistari mirefu iliyonyooka inayopita kwenye mwamba, huoni mahali jiwe la juu linapogusana na la chini. Yaani ushahidi wote wa jinsi jiwe lilivyofika pale umefutwa, halafu tunaulizwa limefikaje! Ni sawa na kumfunika mtu kitambaa machoni kisha kumwuliza ukuta una rangi gani.

Na swali lenyewe limekaa vibaya. "Nani aliyelipandisha" tayari linadai kwamba jiwe lilipanda. Halikupanda. Jiwe la kipenyo cha mita 4 tu, kama tungelifanya mviringo kamili, lina ujazo wa mita za ujazo 33 hivi, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya granaiti ina uzito wa tani 2.6 au 2.7, tunaongelea karibu tani 90. Hakuna aliyeubeba mzigo huo, wala hapakuwa na haja. Jiwe la juu limekuwa juu tangu mwanzo. Kilichoondoka ni vitu vilivyolizunguka.

Kama umewahi kuona kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, umeshaelewa nusu ya jiolojia ya Mwanza. Watu wamebebana, mmoja juu ya bega la mwingine, mpaka juu kabisa. Lakini hakuna aliyempandisha mwenzake. Wote walikuwa ndani ya gogo moja la mpingo, mchongaji akaondoa mbao zilizokuwa katikati yao.

Hapa gogo ni granaiti (vitabu vya Kiswahili huiita itale) iliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mwamba huo ukapata nyufa, nyingi zikiwa zimenyooka na kukatana, kiasi kwamba uligawanyika kama matofali makubwa yaliyobanana. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa yakiwa na asidi kidogo kutoka hewani na kwenye udongo. Granaiti ina madini makuu matatu: kwatzi, feldispa na maika. Kwatzi ni ngumu, haibishani na maji. Feldispa inaoza taratibu na kugeuka udongo wa mfinyanzi, na ikishaoza chembe zilizobaki hazina cha kuzishikilia, zinakuwa changarawe laini. Kazi hiyo inafanyika gizani, chini ya udongo, wakati juu panaonekana shwari tu. Baadaye mvua zinabeba ule udongo uliooza, na vile viini vigumu vinabaki vimekaliana.

Kwa nini yanatoka mviringo? Jaribu nyumbani. Nunua sabuni ya mche, kata vipande vya mraba vya sentimita 3 hivi, viweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kila baada ya nusu saa koroga polepole na uvitazame. Pembe zitaanza kupotea kabla ya kitu kingine. Pembe inashambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso wa katikati upande mmoja tu. Usiamini jaribio hili kupita kiasi: sabuni inayeyuka, feldispa inabadilika kuwa kitu kingine. Lakini hesabu ya pembe ni ileile.

Sasa yule mtaalamu wa mawimbi. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi, na lilikauka na kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Kwa mwamba wa miaka bilioni, huyo ni mgeni aliyefika jana. Halafu mimi naishi Mkolani. Huku mawe ya namna ileile hayako ziwani, yako kilimani, mengine yako nyuma ya jiko la jirani. Wimbi gani lilifika jikoni? Yako Dodoma pia, yako kwenye vilima vya mawe vya Serengeti, na yako Epworth nje ya Harare, ambako hakuna ziwa kubwa lolote, na Zimbabwe imeyaweka kwenye noti zake. Kwa hiyo na lile neno "pekee duniani" tulipumzishe. Kazi ya ziwa kwa Bismarck ni kuosha miguu yake.

Jina nalo lina la kusemwa. Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika. Vuka ziwa hadi upande wa Kisumu utakuta Kit Mikayi, rundo la mawe la familia hiihii, ambalo jina lake kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza: inasimuliwa kwamba mzee mmoja alilipenda mno, akawa anashinda pale, hadi mkewe akalihesabu kama mke mkubwa. Hadithi hiyo haielezi jiwe lilivyofika, ila angalau inatueleza watu waliokaa karibu nalo. Jina letu linatueleza nani alikuwa na bunduki.

Lakini kinachoniuma zaidi ni watu ambao picha haiwahi kuwaonyesha. Kwenye vilima vya Mwanza kuna kina mama na vijana wanaoponda kokoto kwa nyundo, na kabla ya nyundo jiwe linachomwa moto, kwa kuni au matairi chakavu, mpaka ganda la juu linaachia. Hiyo ni fizikia ya kweli. Granaiti haipitishi joto haraka, hivyo uso unatanuka wakati ndani bado pamepoa. Tena kwatzi inatanuka kuliko feldispa, na ikifika nyuzi joto 573 inabadili mpangilio wake wa ndani na kuvimba ghafla. Mponda kokoto hana habari na namba 573, ila anajua ufa uko wapi na nyundo ipige wapi. Angeulizwa yeye nani alilipandisha jiwe, nadhani angecheka.

Tena si elimu ya kujifurahisha tu. Tunajenga chini ya mawe haya. Ukichimba udongo chini ya jiwe ili upate uwanja wa nyumba, unaendeleza kazi ya mvua, tena kwa kasi ambayo mvua haina. Jiwe linakaa salama ikiwa kitovu cha uzito wake kiko juu ya sehemu inayolishikilia, na kwenye vilima vyetu sehemu hiyo mara nyingi ni ule udongo uliooza. Mtu aliyefundishwa kwamba jiwe limeshikiliwa na majini ataangalia nini kabla ya kushika jembe?

Ombi langu kwa wapiga picha ni dogo. Nendeni Kamanga asubuhi. Jua litakuwa nyuma yenu, litaangaza uso wa jiwe, na nyufa zitaonekana zote. Pigeni na kitako chake, pale linapokalia. Na mkipanda huku Mkolani, pigeni yale ambayo bado yamezama nusu kwenye udongo, yanayochungulia tu kichwa. Hayo mvua bado inayachimbua.