Kitabu Chembamba, Jina Zito



Vipo vitabu ambavyo majina yake hugombana na msomaji kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Kimojawapo ni I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin, cha Askofu Festo Kivengere, kilichochapishwa mwaka 1977. Sisi tunaoishi Flemingdon Park hatuwezi kulitamka jina hilo kwa wepesi. Miongoni mwa majirani zetu wamo Waismaili waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, walipopewa siku 90 tu wawe wameondoka. Kituo chao kilichofunguliwa mwaka 2014 kiko hapo Wynford Drive, na wapo wazee ambao bado tunasalimiana nao kwa Kiswahili. Je, kitabu hiki kina neno gani kwa mtu aliyeumizwa?

Kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikadai kuwa ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, alitoroka na mkewe Mera, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta London, katika kanisa la All Souls, akitafakari maneno ya Yesu msalabani. Humo ndimo alimotambua kwamba chuki juu ya Amin imeanza kuukausha moyo wake. Akaomba kwanza asamehewe yeye, kisha ndipo akaweza kumwombea Amin.

Kwa maoni yetu, uzito wa kitabu uko katika mpangilio huo. Hayo ndiyo malezi ya Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambapo waliookoka walizoea kuungama makosa yao mbele ya wenzao. Sisi tuliosomea uhandisi tunauelewa utaratibu huo: nyumba ikipata ufa, fundi hukagua msingi wake kabla ya kumlaumu jirani.

Hata hivyo, katika vikundi vyetu vya maombi kitabu hiki mara nyingine hugeuzwa fimbo. Mwenye uchungu huambiwa, "Kivengere alimpenda hata Amin, wewe unashindwa nini?" Huko ni kukisoma kichwa chini miguu juu. Kivengere alikuwa akiusema moyo wake mwenyewe, hakuwa akiupima wa mwenzake. Wala unyenyekevu wake haukuwa wa kunyamaza. Siku chache kabla ya kifo cha Luwum, maaskofu wa Uganda walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia maovu ya utawala wake. Kupiga magoti hakukuwaziba midomo.

Tuna manung'uniko mawili. La kwanza, mageuzi ya pale London yanasimuliwa kwa haraka mno. Mtu aliyebeba kinyongo kwa miaka 20 anaweza kudhani kwamba imani yake ni haba kwa sababu maombi yake hayajazaa matunda kwa siku moja. La pili, hiki ni kisa cha kanisa. Machungu ya majirani zetu wa mwaka 1972 yanadai kitabu kingine, na kalamu ya mwingine.

Kivengere alifariki mwaka 1988. Amin alifia Jeddah mwaka 2003 bila kusimamishwa mbele ya mahakama yoyote. Haki ya waliodhulumiwa kwa hiyo haikutimizwa, na maombi ya askofu mmoja hayafuti deni hilo.

Tunashauri kisomwe, tena polepole, kila mtu na nafsi yake. Ukikimaliza, jiulize ni jina la nani linalokukwama kooni unapoomba. Anzia hapo, na jirani yako umwache aomboleze kwa kadiri yake.