Ufundi wa Kupepeta Anga

Katika nyanda kame za Karoo, Afrika Kusini, yamepangwa mabakuli makubwa ya wavu wa waya, yameshikiliwa na nguzo za mbao na mabomba ya plastiki. Kila moja lina upana wa mita 14, na yamebanana karibu kugusana. Hayageuki. Yanatazama juu tu, anga ipite yenyewe kadiri dunia inavyozunguka. Hiyo ndiyo HERA, darubini ya redio iliyosanifiwa kuwa na mabakuli 350.

Kazi yake ni kuchora ramani ya haidrojeni iliyotanda ulimwenguni nyota za kwanza zilipoanza kuwaka. Atomu ya haidrojeni hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944. Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa huko Harvard mwaka 1951. Wimbi lililosafiri miaka bilioni 13 limevutwa na kutanuka kwa ulimwengu, hata likatufikia na urefu wa mita mbili hivi. Kwa hiyo urefu wake ni tarehe yake: ukibadili masafa, unasoma enzi nyingine.

Kikwazo ni kelele. Galaksi yetu wenyewe hunguruma kwa nguvu maelfu ya mara zaidi ya sauti inayotafutwa. Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa HERA. Wanajua kwamba ngurumo hiyo hubadilika polepole kutoka masafa hadi masafa, ilhali haidrojeni hupandashuka, kwani kila masafa hutoka kwenye pande jingine la gesi. Basi huipepeta kama mchele: kilicho laini kipeperuke, kinachopandashuka kibaki ungoni. Lakini hata kebo ya darubini ina hila. Wimbi likidunda kwenye ncha yake na kurudi, huacha viwimbi vinavyojifanya haidrojeni. Fundi sharti aijue kila kebo yake.

Katika matokeo ya mwaka 2022 na 2023, hawakudai kwamba wameisikia sauti ile. Walitangaza kiwango ambacho haiwezi kukizidi. Kwa kipimo hicho pekee tukajua kwamba gesi ya kale ilikuwa imekwisha kupashwa moto. Ingekuwa baridi mno, sauti yake ingezidi kiwango hicho na kujitokeza. Mwenye pupa angeshaita viwimbi vya kebo ugunduzi. Hawa walikataa, na kwa kukataa huko wametuongezea elimu ya kweli.