Msamiati wa gereji uhifadhiwe kabla haujapata kutu

WIKI jana gari langu lilinigomea asubuhi nikienda kufundisha. Kijana wa gereji aliyekuja kuniauni nilimweleza kwamba lilikuwa likikohoa tangu Jumapili. Akacheka. "Gari hizi hazikohoi, Prof. Zinaandika tu." Alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akasoma tarakimu zilizojitokeza kiooni, akasema ni sensa, tunabadilisha tu. Nusu saa baadaye nilikuwa barabarani, nikiwa na furaha ya kuwahi darasa na huzuni ambayo sikuitarajia.

Mimi nilijifunza magari katika miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, katika uwanja wa vumbi alikofanyia kazi fundi mmoja jirani yetu. Enzi hizo kila mvulana alijiona Joginder Singh, fundi wa magari aliyegeuka bingwa akashinda Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Likizo nzima tulishinda chini ya Peugeot 404 na Volkswagen, mikono imelowa oili, tukitumwa huku na kule. Lete spana namba kumi na tatu! Shika jeki! Kaza nati, si hivyo, kaza!

Pamoja na ufundi, tulifunzwa lugha. Betri haikuishiwa nguvu, ililala. Injini ilikohoa asubuhi ya baridi, na ikishazeeka ilikunywa oili. Klachi iliteleza, gia iliruka. Kuiunganisha injini kulikuwa kuifunga, na fundi wa kweli hakujulikana kwa kufungua, maana kufungua kila mtu anaweza, bali kwa kufunga pasi na nati hata moja kubaki mkononi.

Mwanafunzi wa fasihi atasema hizo ni tashihisi. Naam, lakini hazikuwa pambo. Injini ikikohoa, fundi alijua aanzie kwenye plagi na kabureta. Klachi ikiteleza, alijua kipi kimelika. Sitiari ndiyo iliyokuwa kipimo chake, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa kifuani.

Kisha kuna maneno ya mkopo. Spana, jeki, breki na plagi yalivishwa irabu, yakaingizwa katika ngeli ya I-ZI, yakaanza kuzaa. Leo magazeti yetu huandika kwamba serikali imewapiga jeki wakulima, na hakuna msomaji anayewaza gari. Waziri naye hushika usukani wa wizara. Neno hilo lilikuwa la manahodha kabla ya kuwa la madereva, na kutoka kwa madereva likaingia katika siasa. Hivyo ndivyo lugha hukua. Neno huanzia mikononi mwa watu wa kazi, nasi wa kalamu hulipokea likiwa limeshakomaa.

Wala hali hii si yetu pekee. Kusini mwa California, vijana wa miaka ya thelathini na arobaini walikuwa wakinunua Ford kuukuu, wakizivua mabawa na bampa ili ziwe nyepesi, wakizichokonoa injini, kisha wakienda kushindana katika maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Gari la aina hiyo liliitwa "hot rod". Ford ya mwaka wa 1932 waliiita "deuce", yaani mbili, kwa sababu ya tarakimu ya mwisho ya mwaka huo. Wao walilibatiza gari kwa mbili, sisi tukayabatiza yetu kwa tatu: matatu, kutokana na nauli ya senti thelathini. Tofauti ni kwamba Januari 1948 jarida la Hot Rod lilianza kuchapishwa, na msimu wa vijana wale ukaingia katika maandishi wasemaji wake wakiwa bado hai. Wetu ulibaki hewani.

Hapa nina kosa la kukiri. Nilipohitimu na kuanza kufundisha, nilimtembelea fundi wangu. Aliniambia shokomzoba za gari fulani zimekufa. Kwa kiburi cha shahada mpya, nikamwambia hilo si neno la Kiswahili sanifu. Hakukasirika. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: "Haya, mwanangu, wewe uliyesoma, ipe jina."

Sikuwa nalo. Miaka mingi baadaye nilishiriki warsha ya istilahi ambapo tulikibunia kifaa hicho jina refu la maneno manne. Sidhani kama kuna yeyote kati yetu aliyekuwa amewahi kushika spana. Mpaka leo sijamsikia mtu akilitamka. Fundi naye alishafariki, na maneno mengine aliyokuwa nayo hatukuyaandika.

Wapo watakaosema lugha ya gereji ni Sheng tu, inaharibu Kiswahili. Sikubaliani nao. Sheng hubadilika upesi kwa makusudi. Matatu iliyorembwa iliitwa manyanga, leo ni nganya. Msamiati wa mafundi ulidumu kwa sababu ulilazimika kueleweka. Mtu akiwa amelala chini ya gari, neno lisiloeleweka laweza kumkata kidole.

Sipingi kubuni istilahi. Ninachopinga ni mpangilio wetu: tunaketi mezani kwanza, kwenda gerejini baadaye, au tusiende kabisa. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka, na simu walizo nazo mfukoni hurekodi sauti. Waende Grogan, Gikomba na Kariobangi, waende Mombasa na Kisumu, wawakalishe mafundi wazee na kuwauliza kila kitu wanakiitaje na kwa nini. Magari ya umeme yameshaingia barabarani, nayo hayana kabureta wala plagi za kuwasha moto. Maneno ya vifaa hivyo hayatasubiri tumalize vikao.