Asidi imesingiziwa: mbio za Bayi na uchovu wa misuli

Vikundi vya jogingi vya Mbagala, Tandika na Mwananyamala vikirudi asubuhi, kuna sentensi moja lazima uisikie: "Miguu imejaa asidi." Utaisikia pia kwenye jimu za uswahilini, zile zenye vyuma vya kuchomelea, na kwa makocha wa viwanja vya mchanga. Asidi yenyewe ni ya laktiki, na anayeitaja huwa hana shaka hata kidogo. Mimi ninayo. Sentensi hiyo imevaa koti la maabara, lakini ukiivua unakuta haielezi jinsi msuli unavyochoka, na upande mmoja wake unaweza kumpeleka mtu pabaya.

Tuitendee haki kwanza. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins, wa Cambridge, walionyesha kwamba msuli wa chura ukifanyishwa kazi bila oksijeni hujaa asidi ya laktiki, na huku unachoka. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1922 ikaenda kwa Archibald Hill na Otto Meyerhof kwa kazi yao juu ya misuli. Mambo mawili yakaonekana pamoja, watu wakaona moja ndilo limeleta jingine. Kwa hesabu hiyo hata jogoo ndiye anayeleta asubuhi.

Sasa ipeleke sentensi hiyo Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974. Fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Karatu (ndiye huyo mwenye shule za Kimara) anatoka mbele tangu mwanzo, hamsubiri mtu. Anamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker anamaliza kwa 3:32.52, naye pia yuko chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Mbio za namna hii ni kati ya zinazozalisha laktiki nyingi kuliko zote, na nyingi zaidi huwa mwishoni. Kama asidi ndiyo breki, mita mia za mwisho watu hawa wangekuwa wanatembea. Walker alikuwa anamkaribia Bayi, na bado Bayi hakupitwa.

Utaniambia: vipi Moscow 1980? Sawa. Mtu yuleyule, mbinu ileile ya kutangulia, safari hii mita 3000 kuruka viunzi na maji. Bronisław Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho, 8:09.7 kwa 8:12.5. Miguu iligoma kweli. Lakini nini hasa hugoma? Hapo lazima tuingie ndani ya msuli.

Ndani yake kuna nyuzi nyembamba za aktini na nene za miosini. Mwaka 1954 timu mbili, kila moja ikiwa na Huxley wake (Andrew na Hugh, wala si ndugu), zilionyesha kuwa msuli unapokaza nyuzi hizo hazifupiki, zinateleza moja juu ya nyingine. Fikiria wavuvi wakivuta juya ufukweni: shika, vuta, achia, shika mbele zaidi. Vichwa vya miosini ndiyo mikono hiyo. Amri inakuja kama umeme kutoka kwenye neva, kalsiamu inamwagwa kutoka kwenye ghala zake ndani ya uzi, nafasi za kushika zinafunguka, kazi inaanza.

Na ATP, ile nishati tuliyokariri shuleni? Kazi yake moja inashangaza: inahitajika ili mkono *uachie*. Ndiyo maana maiti hukakamaa: ATP imekwisha na mikono imebaki imeshika kamba. Kwa hiyo kusema mkimbiaji "ameishiwa nishati" kwenye msuli nako si sahihi. Angeishiwa kabisa angekauka kama gogo. Msuli hupunguza nguvu mapema, kabla ya kufika huko.

Kwenye kazi kali ya dakika chache, washukiwa wazito ni wengine. Kreatini fosfati ikivunjwa ili kurudisha ATP, fosfati inabaki na kurundikana. Inalegeza mshiko na kubana utokaji wa kalsiamu. Potasiamu nayo inavuja nje ya uzi, na ile amri ya umeme inafifia. Mwaka 2001 Nielsen na wenzake, Denmark, walichukua misuli ya panya iliyodhoofishwa na potasiamu wakaongeza asidi ya laktiki. Nguvu ikarudi! Mshtakiwa kumbe alikuwa upande wa mlalamikaji.

Sisemi asidi haina hatia hata chembe. Majaribio mengi ya zamani yalifanywa kwenye baridi, ambako madhara yake huonekana makubwa. Karibu na joto la mwili nguvu haishuki sana. Ila ikiungana na fosfati, wataalamu bado wanabishana. Laktiki yenyewe, moyo wako unaichoma kama mafuta. (Mbio ndefu ni kesi nyingine: sukari ya akiba, joto, ubongo. Kwa unyevu wa Dar, jasho linatiririka tu bila kukauka.)

Upande mbaya kuliko wote ni pale asidi inaposingiziwa maumivu ya kesho yake, na mtu anaambiwa afanye masaji "itoke". Laktiki inarudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na nyuzi kuumia kidogo kidogo, hasa msuli unaporefuka huku umebeba uzito: kushusha chuma, kushuka ngazi, kushuka vilima vya Kimara. Hayo hupoa yenyewe.

Lakini mgeni wa mazoezi akikomazwa siku ya kwanza, nyuzi zinaweza kupasuka kwa wingi, mioglobini ikaingia kwenye damu na kuelemea figo. Dalili zake ni maumivu makali kupita kawaida, uvimbe, udhaifu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ukiambiwa "asidi hiyo, meza diklofenaki, kesho njoo tumalizie", usimeze, maana dawa hiyo nayo inazidi kuzielemea figo. Wahi hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari ulibeba nini na mara ngapi.